Fundi Aliye Kwenye Foleni

Mtandao wa bweni upimwe saa tatu usiku. Mchana hata ule mbovu huonekana mzima, kwa kuwa wenyewe wako darasani. Usiku ndipo ukweli unapojitokeza: mmoja anapakia asaimenti ambayo mwisho wa kupokelewa ni saa sita kamili, mwingine anatazama mpira, wa tatu anaongea kwa video na mama yake aliye Mpwapwa, na wa nne ameiacha kompyuta ishushe programu nzito yenyewe huku yeye anakoroma. Wote wanne, pamoja na wenzao mia kadhaa, wanapita kwenye kijia kimoja chembamba kinachotoka bwenini kwenda duniani. Kijia kikiziba, atakayelalamika hamwandikii barua mkurugenzi wa kampuni yoyote. Anagonga mlango wa mwanafunzi mwenzake, asiyelipwa, mwenye koleo mfukoni na rauta mbili kuukuu chini ya kitanda, na kumwuliza, "Kaka, net vipi?" Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na ninamsifia jambo mahsusi. Watu hudhani kazi yake ni kuwaunganisha wenzake na intaneti. Kuunganisha ni kazi ya wiki moja. Kinachobaki miaka yote ni kugawa, na hoja yangu ni kwamba kugawa kitu haba kwa haki ni ufundi kamili, wenye zana na kanuni zake, na kwamba anayeuweza vizuri ni yule ambaye naye anasubiri kwenye foleni hiyohiyo.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, maana huku uhaba haukuanza na intaneti. Uwanda wa kati hupata mvua msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima kiasi chake ni milimita 600 hivi, miaka mingine pungufu. Wagogo na mifugo yao wamevuka viangazi vingi kwa kufukua visima kwenye mchanga wa mito iliyokauka, na kisima cha namna hiyo kina maswali yake: nani kachimba, nani ateke kwanza, ng'ombe wanyweshwe saa ngapi ili watu nao wapate. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kikipangwa kuchukua wanafunzi 40,000, kiliuletea uwanda huu uhaba wa aina nyingine. Mwaka huohuo kilianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Chuo cha Mipango na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) vilikuwepo tayari. Kisha serikali ikahamia, mji ukatangazwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na kila chumba kikapata mtu wa kukigombea. Wakati huohuo intaneti yenyewe ilikuwa inasogea. Mkongo wa SEACOM ulitua Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaileta huduma hiyo bara. Maji, tuseme, yameshafika kwenye tangi kubwa. Kutoka kwenye tangi hadi kitandani kwa mwanafunzi ndiko kwenye kazi, na kipande hicho hakigombaniwi na mwekezaji.

Tufanye hesabu ya vidole. Bweni la wanafunzi 400 likipewa laini ya megabiti 100 kwa sekunde, na wote wakafungua kwa mpigo, kila mmoja ataambulia robo ya megabiti: yatosha ujumbe wa maandishi, haitoshi video nzuri. Kwa bahati watu hawafungui kwa mpigo. Tabu ni kwamba si lazima wafike wote. Watatu wanaoshusha mafaili makubwa wanatosha kuifanya laini nzima ionekane imekufa. Sababu imo kwenye foleni. Rauta ya kawaida hupokea vifurushi vya data (hivi si vile vya kununua kwa salio) na kuvihudumia kwa kufuata aliyetangulia, na watengenezaji, kwa nia njema, waliweka humo nafasi kubwa ya kusubiria ili kisipotee hata kifurushi kimoja. Matokeo yake ni yale ya bombani. Mwenye mkokoteni wa madumu ishirini akitangulia, mama mwenye ndoo moja atasimama nyuma yake hadi jua lizame, ingawa haja yake ni ya nusu dakika. Wazee wa mtaa wakiamua kila mtu ateke dumu moja kisha arudi nyuma ya mstari, bomba ni lilelile na maji ni yaleyale, ila mama anaondoka mapema, na mwenye mkokoteni naye anajaza madumu yake yote, kwa kuchelewa kidogo tu. Mhandisi Mmarekani Jim Gettys alianza kuipigia kelele foleni hii ya rauta mnamo 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha njia ya kuidhibiti kwa kuangalia kifurushi kimekaa humo muda gani, badala ya kuhesabu vifurushi vingapi vimejipanga. Dave Täht, aliyefariki mwaka 2025, na wenzake, wengi wao wakijitolea, waliichanganya njia hiyo na utaratibu wa dumu mojamoja, wakaijaribu kwenye rauta za bei rahisi, hadi ikachapishwa miongoni mwa nyaraka za wazi za kanuni za intaneti mwaka 2018. Leo imo bure ndani ya OpenWrt, programu ambayo fundi wa bweni anaweza kuipandikiza kwenye rauta kuukuu kwa usiku mmoja. Nimeieleza asili yake kwa urefu kwa sababu wapo wanaoamini kazi ya kujitolea ni kazi ya kubahatisha. Mojawapo ya kanuni bora kabisa za kugawa mtandao imetoka mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Hata hivyo kanuni hiyo ina upofu wake. Inajua kuzungusha zamu. Haijui kwamba UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inaanza Jumatatu. Haijui kwamba ile video inayotafuna laini ni mhadhara uliorekodiwa, na hii nyingine ni tamthilia ya Kituruki. Haijui kwamba chumba kimoja kilichoandikishwa watu wanne kina watu saba, kwa sababu wanachuo hubebana, na kwamba kugawa sawa kwa kila chumba ni kuwapunja hao saba. Programu haiwezi kuamua mambo hayo, na mtu aliyeketi ofisini mjini akitazama mchoro unaopanda na kushuka hawezi pia. Kwake yeye usiku wa kuamkia mtihani ni kilima kwenye grafu, na saa kumi jioni amekwisha kwenda nyumbani. Fundi wa bweni anaamua akiwa na habari kamili. Akibana mpira wa Jumamosi ili wanaosoma wapumue, yeye mwenyewe ataukosa, na kesho yake atakutana na mashabiki kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akijipendelea, itajulikana kabla ya chai. Uwajibikaji wa aina hiyo hauandikwi kwenye mkataba wowote, na sijaona mkataba unaoushinda.

Sifa za kugawa zisitufanye tusahau mkono. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili. Fundi anachuna ganda, anafumua misokoto, ananyoosha nyaya kwa kucha ya kidole gumba na kuzipanga bapa: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Anayetazama kwa mara ya kwanza atauliza kwa nini jozi ya kijani imetenganishwa, buluu mbili zikakaa katikati kama wageni. Ndivyo kiwango kilivyopangwa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu akizipanga kwa namna inayompendeza machoni, na upande wa pili akazipanga vilevile, taa itawaka, kipimo cha bei rahisi kitasema mambo safi, na mtandao utasuasua miezi yote bila mtu kujua sababu. Msokoto ndio unaozuia jozi moja isidake mazungumzo ya jozi nyingine, na akitumia waya mmoja wa jozi hii na mmoja wa ile, kinga yote imekwenda. Kwa sababu hiyohiyo hafumui zaidi ya sentimita moja na kidogo kabla ya kuzisukuma ndani ya kichwa na kubana koleo. Kisha kuna mita 100, ambazo kebo haitakiwi kuzivuka. Kuna vumbi la kiangazi linaloingia kwenye feni za swichi kama unga. Na kuna ardhi yenyewe. Waya wa radi unaotoka kwenye antena ya paa unapaswa kuishia kwenye udongo wenye unyevu, na udongo wa Dodoma mwezi Novemba, radi za kwanza zinapokuja, umekauka kama tofali la kuchoma. Fundi anayejua nchi yake huipigilia nondo ya kutulizia radi chini sana, huizungushia mkaa na chumvi, na huimwagilia maji kama mche.

Halafu kuna maradhi ambayo ni ya bweni hasa. Mwanafunzi anarudi likizo na rauta mpya aliyonunua dukani, anaichomeka ukutani ili chumbani kwake pawe na waifai, lakini anatumia tundu lisilo lake. Rauta hiyo, bila ubaya wowote, inaanza kuwagawia majirani anwani za mtandao, kama konda wa pili anayekata tiketi ndani ya basi la mwenzake. Kila anayepokea tiketi yake anajiona amesajiliwa, simu inaonyesha waifai imejaa, na hafiki popote. Bloku nzima inalalamika, isipokuwa wale waliojiunga mapema. Fundi anasoma anwani ya mashine ngeni, anaifuata kwenye swichi hadi tundu la 17, anaifuata kebo darini hadi mlangoni, anabisha hodi. Anachofanya hapo ndicho kinachomtofautisha na mtu wa cheo. Hamfungii mwenzake huduma wala hamwandiki jina ubaoni. Anahamisha kebo kutoka tundu moja la rauta hadi la pili, na sasa chumba kina waifai na bloku ina amani. Mlango huo, hata hivyo, unaweza kuwa wa hosteli ya wasichana, usiku, na fundi wa kiume haruhusiwi kuvuka kizingiti. Kama hakuna msichana anayejua kuisoma swichi, bloku yao italala gizani hadi asubuhi huku ya wavulana ikirekebishwa kwa dakika kumi. Chama cha mafundi kisicho na wanawake kinagawa vibaya hata kama hesabu zake za foleni ni sahihi.

Mpango huu wa wanafunzi kutunza mtandao wao wenyewe si ndoto ya uwandani. Huko Dresden, Ujerumani, chama cha wanafunzi kimeendesha mtandao wa mabweni tangu miaka ya 1990. Kwenye mabweni ya Strahov mjini Prague, klabu ya wanafunzi iitwayo Silicon Hill inafanya hivyohivyo. Karibu na kwetu, Tunapanda wameunganisha vituo vya jamii na shule katika Kibera, na kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, kulianzishwa mtandao uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Net. Mfano unaonigusa zaidi uko ndani ya mkoa huuhuu wa Dodoma. Kondoa, kilomita zipatazo 160 kaskazini mwa jiji, kuna Mtandao wa Jamii wa Kondoa, uliosimamishwa na tawi la Tanzania la Internet Society kwa kushirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwemo mhadhiri Jabhera Matogoro, ili shule na taasisi za huko zipate intaneti. Unatumia masafa matupu ya televisheni, yaani yasiyotumiwa na kituo chochote. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, hatua iliyoacha nafasi kwenye masafa hayo, na mawimbi yake yana sifa ya kupenya miti na kuzunguka vilima pale ambapo waifai ya kawaida hukwama, jambo la maana sana katika nchi ya miinuko kama hii ya Warangi, wenyeji wa Kondoa. Lakini wimbi halijitunzi. Swichi ikiungua Kondoa, kumsubiri mtaalamu atoke jijini ni kuupoteza mtandao kwa siku nzima au zaidi. Mwalimu anayeutumia kila asubuhi ndiye anayepaswa kujua waya gani unaingia wapi. Umbali wa Kondoa unaonyesha waziwazi kile ambacho ukaribu wa bweni huficha.

Mtu atasema haya yote yamepitwa na wakati, maana kila mwanachuo ana simu na simu ina bando. Ni kweli, na mwanzoni mwa muhula, bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) likiingia, ni kweli zaidi. Ifikapo wiki ya kumi, bumu limekwisha, na mtu anachagua kati ya bando na chipsi. Lakini siitegemei hoja ya umaskini peke yake. Bando ni ununuzi wa mtu mmojammoja, na ununuzi huo una upotevu wa ajabu: faili moja la mhadhara, likihitajiwa na watu 400 wa bweni moja, linasafiri kutoka mbali mara 400 na kulipiwa mara 400. Bweni lenye seva yake, hata kompyuta ya mezani iliyotupwa na ofisi, linalishusha mara moja na kuligawa ndani kwa ndani bila gharama. Kiwix, programu huru, inaiweka Wikipedia nzima kwenye diski moja, Kiswahili na Kiingereza, isomwe bila intaneti kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini kusini mwa Afrika na Tanzania nzima ikasinzia, bando halikumsaidia mwenye nalo. Kisichotoka nje ya bweni hakikatwi baharini.

Pingamizi la faragha ni zito zaidi, na sitaki kulipita juujuu. Anayeshika rauta anaweza kuona mengi: nani yuko macho, anatembelea tovuti gani, saa ngapi. Maudhui ya ujumbe siku hizi yamefungwa kwa usimbaji, na hata fundi mwenye udadisi hawezi kuyasoma, lakini kujua tu kwamba jirani yako anatembelea tovuti ya ushauri wa ugonjwa fulani ni kujua kupita kiasi. Tena huyu si mtu wa mbali. Mnakula meza moja. Naafiki kwamba ukaribu ninaousifu ndio unaoleta hatari hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka, ila sheria huja baada ya jeraha. Dawa ya fundi iko kwenye kazi yenyewe: kutohifadhi asichokihitaji. Kugawa foleni kwa haki kunahitaji kujua ni nani anatumia kiasi gani sasa hivi. Hakuhitaji kukumbuka jana alikwenda wapi. Wenye funguo wawe wawili au watatu, kumbukumbu zifutwe kwa muda uliotangazwa, na tangazo libandikwe mlangoni ambapo kila mtu analiona. Chama kisichoweza kufanya hivyo kisiaminiwe, na hapo nitasimama upande wa wakosoaji.

Lipo pia neno lenyewe, kujitolea, ambalo limechakaa. Vijana wengi wenye shahada wanajitolea mashuleni na maofisini miaka miwili, mitatu, kwa nauli tu au bila hata nauli, wakingoja ajira, na aliyepitia hapo ana haki ya kununa akisikia kujitolea kunasifiwa. Chuo kikiacha kununua vifaa kwa kuwa kuna watoto wa watu watakaohangaika bure, huo ni unyonyaji wenye tabasamu. Ninachokisifu kina mpaka. Laini, umeme, swichi na nguzo ni deni la taasisi, maana ni mali yake na zitabaki kwake. Muda wa fundi ni wake, anautoa kwa jirani zake, na anaondoka na ujuzi ambao darasani haupatikani, kwa sababu darasani hakuna watu mia nne wenye hasira. Mpaka huo ukivukwa, aweke koleo chini, na asione haya.

Linalobaki ni kwamba mafundi hawa wanahitimu. Miaka mitatu au minne, kisha mahafali, na aliyejua kila kebo anapanda basi. Wakosoaji huliona hili kuwa ndiyo kasoro kubwa ya mpango mzima, nami naliona kuwa ndilo linaloulazimisha kuwa mzuri. Fundi wa kuajiriwa anaweza kuuweka mtandao kichwani mwake miaka ishirini na kuwa mtu asiyeweza kuachishwa kazi. Wa bweni anajua tangu siku ya kwanza kwamba ataondoka, kwa hiyo anaandika. Anaandika kwenye daftari la kaunta lenye jalada gumu, kwa sababu seva ikifa hutaki maelezo ya kuifufua yawe ndani ya seva hiyohiyo: neno la siri liko kwa nani, swichi ya ghorofa ya pili ina tundu bovu la 9, nondo ya radi ipo nyuma ya tangi, imwagiliwe Oktoba. Muhula wa pili anamchukua wa mwaka wa kwanza, anamshikisha ngazi, kisha anamwacha apande yeye. Julai mabweni yanafungwa. Oktoba mwaka wa masomo unaanza, mtu mwingine anafungua kabati la swichi, anapuliza vumbi, na kwenye kebo ya kijivu anakuta kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito na mkono asioujua: "Inaenda Bloku C. Usichomoe kabla ya kuwauliza."